Kilo

Walinirudishia mume wangu siku ya Alhamisi
na mfuko wa dawa, na karatasi yenye mhuri,
na maneno ya nesi yaliyokwisha kabla sijauliza:
mazoezi, mama, kila siku; chumvi hapana.
Gari likageuzia kwenye mfereji, likashuka Moshi,
nikabaki mlangoni na mtu mzima mikononi.

Miaka thelathini na moja Wendelini alipima kahawa
pale chama cha msingi, Uru.
Gunia lililonyunyizwa maji alilijua kwa kuligusa.
Sasa upande wa kulia umepooza,
na katika maneno yote aliyowahi kuwa nayo
limesalia moja:
kilo.

Unataka chai? Kilo.
Panauma wapi? Kilo.
Mimi ni nani? Akanitazama sana,
chozi likamtoka jicho moja, kisha jingine,
akasema kilo, taratibu, kama anayeomba radhi.

Nimejifunza. Kuna kilo ya choo, fupi, ya haraka.
Kuna kilo ya usiku, ya kugeuzwa ubavu.
Kuna kilo ya hasira; hiyo hata kuku wanaijua.

Watu walikuja. Wiki ya kwanza watu huja.
Walileta sukari, mchele, na sababu.
Mmoja alisema ni lile shamba la mpakani, kuna mkono wa mtu.
Nikamwambia ni presha. Miaka sita alimeza vidonge
siku alizojisikia vibaya, akaviacha alipojisikia mzima.
Mkono wa mtu ni wake mwenyewe,
na wangu mimi niliyetia chumvi.
Wiki ya tatu hakuja mtu.

Alikuja Kanuti, kijana wa mazoezi, kwa pikipiki,
matope mpaka magotini.
Hakuleta mashine. Aliomba ungo na maharage.
"Aokote punje mojamoja kwa mkono uliolala.
Ule mzima ufunge kwa kitenge, utakuja kusaidia bila kuitwa."
Siku ya kwanza, punje sifuri. Niliandika.
Nyuma ya daftari la hesabu la mjukuu wetu Kanisia
naandika hesabu za kwetu:
presha, saa ya kidonge,
hatua kutoka kitandani mpaka mgomba wa kwanza.

Sitaficha. Kuna asubuhi nilimpigia kelele.
Uji umemwagika mara ya tatu, shuka la tatu,
na mgongo wangu una miaka sitini na tisa.
Nilisema neno ambalo daftarini halimo,
naye hakuwa hata na neno la kunirudishia.
Nikaenda mpakani nikachuma jani la isale,
nikalifunga fundo kama mama alivyofunga,
nikamwekea kwenye kiganja kilicholala.
Vidole havikushika. Msamaha ukaanguka sakafuni.
Nikauokota. Ukaanguka.
Mara ya nne kidole gumba kilijongea
kama mtoto anayechungulia nyuma ya gauni la mama yake.
Jani likabaki.
Siku hiyo hatukugusa maharage.

Jana, mwezi wa tano, amekaa barazani na ungo wake,
punje thelathini na mbili, jasho linamchuruzika,
jogoo wa jirani akarukia ungo
akaanza kula hesabu.
Wendelini akanyanyua mkono, ule ule, mpaka usawa wa bega,
akafunua kinywa. Nikangoja kilo.

"Mshenzi!"

Hata jogoo alisimama.
Kisha akacheka kwa upande mmoja wa uso,
nami kwa pande zote mbili,
Kanisia akatoka jikoni mbio akidhani tunalia.

Naitwa Febronia. Jina langu bado hajalifikia,
ni refu, lina kona.
Usiku niliandika:
Presha, mia na arobaini kwa tisini.
Hatua, mpaka mgomba wa pili na kurudi.
Maharage, thelathini na mbili, kabla ya jogoo.
Neno: mshenzi.
Nikalipigia mstari, nikaupigia mstari mwenzake.

Nilipozima taa akasema kilo,
ile ya ubavu.
Nikaamka, nikamgeuza.